Geuza Upande wa Pili

Uwe Kashai au Rwamishenye hapa Bukoba, uwe Kamachumu umemaliza kuanua kahawa mbio mbio kwa sababu ya mvua, uwe Nshamba unasubiri ndizi ziive, karibu. Jioni hii siongelei bei ya kahawa wala barabara. Naongelea ile redio kaseti iliyofunikwa kitambaa cha kudarizi juu ya kabati la sebuleni, ambayo watoto wamekatazwa kuigusa na wakubwa wameisahau. Naongelea pia lile boksi lililo uvunguni mwa kitanda cha wazee, lenye santuri na kanda, ambalo kila Desemba mtu mmoja aliyetoka mjini hulivuta, akapiga chafya, akasema: "Haya mavumbi tuyatupe."

Msiyatupe. Nitasema kwa nini, na sitatumia ile hoja kwamba muziki wa zamani ulikuwa bora kuliko wa sasa. Hoja hiyo siiamini. Zamani nyimbo mbovu zilikuwa tele. Tumezisahau tu, na kwa kuwa tumezisahau tunadhani hazikuwapo.

Tuanze na kanda ya hapahapa kwetu. Mwaka 2001 Saida Karoli, binti wa Bukoba, alitoa albamu yake ya kwanza, Chambua kama Karanga. Aliimba kwa Kihaya, ngoma zikilia nyuma yake, na watu wa mikoa ambayo Kihaya hawajui hata salamu wakacheza. Zama zile ni za kaseti. Kwenye basi la kwenda Muleba ilikuwa kaseti, dukani kaseti, harusini kaseti. Baadaye, mwaka 2016, Diamond Platnumz na Rayvanny wakauchukua wimbo wake wa Maria Salome, wakautengeneza upya, wakauita Salome. Ukimsimamisha kijana yeyote leo pale Hamugembe atakuimbia huo bila kukosea. Sasa mwombe akutajie wimbo mwingine, mmoja tu, kutoka kwenye kanda ileile ya mwaka 2001.

Atanyamaza, na simlaumu. Wimbo ule umemfikia peke yake, kupitia simu, bila ndugu zake. Simu humletea mtu wimbo anaoutaka, na anaoutaka ni ule anaoujua tayari. Kanda haina heshima hiyo. Ukiitia kwenye mashine na kubonyeza, inakuimbia alivyopanga mwenye kanda: unaoupenda, usioupenda, na ule ambao utakuja kuupenda mwaka wa tatu. Niliwahi kukaa jioni moja Muhutwe kwa mzee ninayeheshimiana naye sana, wajukuu wake wamejaa sebuleni, kanda inacheza. Wimbo wa pili ulipoanza, mdogo mmoja akasema, "Babu, ruka huo."

"Hauruki, mjukuu wangu."

"Kwa nini?"

"Kanda haina kuruka. Ukitaka kuukwepa, peleka mbele. Na ukipeleka mbele utapita hata huo unaoutaka, halafu utarudisha nyuma, na betri zitaisha."

Yule mtoto alikaa kimya akasikiliza, si kwa kupenda. Wimbo wa nne ndio uliomwinua akaanza kucheza, na ulikuwa wimbo ambao hakuna kijana wa mjini anayeuweka kwenye simu yake.

Hayo ni ya kanda. Santuri ilikuwa na masharti makali zaidi. Zile ndogo zenye tundu kubwa katikati, zinazozunguka mara 45 kwa dakika, upande mmoja hubeba dakika chache tu. Sasa chukua bendi ya rumba, iwe ya Kinshasa, ya Dar es Salaam au ya Nairobi, yenye wimbo wa dakika nane. Utauingiza vipi? Waliukata vipande viwili. Upande wa kwanza maneno: mwimbaji analalamika, anabembeleza, anaonya. Upande wa pili magitaa yanafunguka, sebene inaanza, na watu ndipo wanainuka. Kwa hiyo katikati ya wimbo kulikuwa na kimya. Mtu alilazimika kwenda kwenye mashine, kuinua mkono wa sindano, kuigeuza santuri na kuirudisha sindano taratibu, huku chumba kizima kinamtazama. Aliyekaa karibu na mashine alikuwa na cheo. Akigeuza kwa pupa na kuikwaruza, alinyang'anywa cheo hicho palepale.

Siku hizi wimbo uleule umeunganishwa, unacheza moja kwa moja, na ni jambo jema. Lakini nadhani waliokulia kwenye simu hawajui kwa nini nyimbo nyingi za wakati ule zinapumua katikati kwa namna ya ajabu, gitaa likishuka kama linaaga, kisha likarudi kwa nguvu. Ule ulikuwa mwisho wa upande. Ukisikiliza santuri yenyewe unaelewa mara moja wala huhitaji mtu akueleze.

Santuri hizo zilitufikiaje huku pembeni mwa ziwa? Hapa ndipo boksi la uvunguni linapoanza kusema historia.

Gramafoni zilikuja na kahawa. Buhaya ilikuwa na fedha ya kahawa mapema kuliko sehemu nyingi za Tanganyika. Mkulima aliyeuza vizuri alijenga nyumba ya bati, akanunua baiskeli, akanunua cherehani kwa mke wake, na aliyetaka majirani wamjue zaidi alinunua gramafoni. Ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono, haikuhitaji umeme wala betri, kwa hiyo iliweza kuimba katikati ya kibanja maili nyingi kutoka mjini. Sahani zake zilikuwa nzito na ngumu, zikianguka zinavunjika kama chungu. Pwani walikuwa wameshatangulia: Siti binti Saad wa Zanzibar alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, ile yenye picha ya mbwa na gramafoni. Wazee wetu waliitambua santuri kwa yule mbwa kabla hawajasoma jina la mwimbaji.

Miaka ya 60 na 70 mambo yakawa mengi zaidi. Redio za National zilizotoka kiwanda cha Matsushita cha Dar es Salaam ziliingia vijijini, na betri zake, zile kubwa zilizoanikwa juani ili zifufuke kidogo zimalizie taarifa ya habari. Redio ilikuwa moja kwa Bara nzima, Radio Tanzania Dar es Salaam, na studio yake ndiyo bendi kubwa zilimokwenda kurekodi: NUTA Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Dar International ya Marijani Rajab. Kanda za rekodi hizo zilibaki kwenye maktaba ya redio. Santuri za kuuza zilitengenezwa kwingine, hasa Nairobi. Basi fikiria: bendi ya Dar, santuri ya Nairobi, msikilizaji wa Bukoba. Kisha mwezi Februari mwaka 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huohuo, na mpaka haukufunguliwa hadi mwishoni mwa 1983.

Karibu miaka saba. Katika miaka hiyo santuri ya mwanamuziki wa Kitanzania iliyotengenezwa Kenya ilikuwa bidhaa ya kigeni kwetu. Watu walizipata kwa njia walizozijua wenyewe, na huku kwetu njia hizo zilijulikana sana. Neno magendo halihitaji tafsiri kwa mtu wa Kagera. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, mwezi uleule ambao majeshi yetu yalikuwa yanauteka mji wa mpakani wa Mutukula na kuingia Uganda. Watu wa mkoa huu walikuwa na vilio vyao vya karibu zaidi: waliotoka kwenye vita ya Kagera wakakuta nyumba zimeporwa. Baadaye Polygram ya Nairobi ikatoa mfululizo wa nyimbo za Mbaraka uitwao Ukumbusho, nao ndio uliomrudisha majumbani. Ukiiona santuri ya Ukumbusho kwenye boksi la Kamachumu, kumbuka kwamba ilisafiri kwa taabu kuliko mwimbaji mwenyewe.

Upande wa Uganda nao ulikuwa karibu kila siku. Kutoka Bukoba, Kampala ni jirani na Dar es Salaam ni safari. Hata umeme wetu kwa miaka mingi tuliuvuta kutoka Uganda. Basi si ajabu ukikuta kwenye boksi moja Elly Wamala, Afrigo Band, Franco na TPOK Jazz, kwaya ya Kilutheri, na Jim Reeves. Jim Reeves hakosekani. Alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1964, na mpaka leo kuna nyumba Muleba ambazo Krismasi haijaanza mpaka aimbe.

Sasa nifike mahali pagumu kidogo.

Kwa nini maboksi mengi hivi hayana wenyewe? Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika mkoa huu. Mnajua yaliyofuata, wengi wenu mnaonisikiliza mlilelewa na bibi. Waliokwenda miaka ile walikuwa watu wenye umri wa kufanya kazi na kusafiri, wafanyabiashara, madereva, walimu, makarani. Ni hao hao waliokuwa na uwezo wa kununua redio kaseti yenye spika mbili na santuri mpya. Nyumba ikabaki na bibi na wajukuu. Bibi hakujua kuiwasha mashine, wala hakuwa na moyo wa kuiuza. Akaifunika kitambaa. Kitambaa kile cha kudarizi, msikilizaji, mara nyingine si pambo.

Muziki wenyewe ulilizungumza jambo hilo kabla baadhi ya viongozi hawajathubutu. Franco alitoa Attention na SIDA mwaka 1987. Philly Lutaaya wa Uganda alijitangaza mwaka 1989 kwamba ana virusi, akazunguka kuwaeleza watu, na Desemba ya mwaka huohuo akafariki. Remmy Ongala akaimba Mambo kwa Soksi, wimbo wa kuhimiza kondomu, na redio ya taifa haikutaka kuupiga. Uliishi kwenye kaseti. Mtu wa Bukoba aliyetaka kuusikia ilibidi apate kanda, anakili kutoka kwa rafiki, amkopeshe mwingine. Kwa hiyo kaseti zile mnazoziita takataka zilibeba ujumbe ambao mawimbi ya redio yaliukataa. Nasema hivi nikiwa ndani ya redio.

Kuna jambo jingine kuhusu kaseti ambalo santuri haina. Kaseti inarekodi. Philips waliileta mwaka 1963, na ilipofika kwetu kila mwenye redio kaseti akawa na studio. Walirekodi kutoka redioni, ndiyo maana kwenye kanda nyingi wimbo unakatwa na sauti ya mtangazaji, au unaanza na nusu ya salamu za mtu wa Shinyanga kwa shemeji yake. Lakini upande wa pili, zile dakika thelathini zilizobaki tupu, humo watu waliingiza nyumba zao. Hotuba ya baba siku ya kumwoza binti. Kwaya ya kijiji. Barua ya sauti kwa ndugu aliye masomoni, maana mama hakujua kuandika. Mzee anataja ukoo, mwiko wake na mipaka ya kibanja, jogoo anawika nyuma yake.

Na enanga. Hapa nitakaa kidogo.

Enanga ni kinubi chetu cha kulaza, chenye nyuzi zilizotandazwa juu ya mbao iliyochongwa kama mtumbwi mdogo. Mpigaji alisimulia habari za mashujaa na wafalme usiku kucha, akiimba na kuigiza. Hugh Tracey, mzungu aliyezunguka Afrika na mashine za kurekodi, alipita Tanganyika mwaka 1950 na kuzirekodi ngoma na enanga za Wahaya. Rekodi hizo zilipelekwa Afrika ya Kusini, zikahifadhiwa, na sasa mtu aliye Ulaya anaweza kuzisikiliza kwa urahisi kuliko mtu wa Izigo. Profesa Mugyabuso Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alizitafiti tenzi hizi kwa miaka mingi, na mwaka 1997 aliandika makala kuhusu mpiga enanga Habibu Selemani, aliyefariki mwaka 1993. Katika anwani ya makala hiyo alimwita wa mwisho wa malenga. Siyo kwamba hakuna tena mtu anayeweza kuigusa enanga. Kilichokwisha ni kile kizazi kilichoishi kwa kazi hiyo na kujua utenzi mzima, mwanzo hadi mwisho.

Basi jiulize ni nyumba ngapi za Buhaya zilizomwalika mpiga enanga kwenye sherehe miaka ya 70 na 80, na redio kaseti ikawekwa mbele yake mezani. Watafiti walirekodi wachache. Wenye nyumba walirekodi walivyotaka, bila kumwambia mtu. Maktaba ya redio ya taifa, ambayo watu wa Tanzania Heritage Project walihangaika nayo mwanzoni mwa miaka ya 2010 ili kanda zake ziingizwe kwenye kompyuta, haina kitu hicho. Chuo kikuu hakina chote. Kama kipo, kipo uvunguni.

Mkoa wetu hauvihurumii vitu vya namna hii. Bukoba hupata mvua ya takribani milimita 2,000 kwa mwaka, nyumba zetu zina unyevu, na ukungu unapenda kanda kama senene wanavyopenda taa. Utepe ukishika ukungu unaonyesha vumbi jeupe kwenye ukingo. Ukiutia hivyohivyo kwenye mashine unachafua mpaka mashine. Na tetemeko la Septemba 10, 2016 liliangusha nyumba nyingi za matofali hapa mjini na vijijini. Watu waliokoa watoto, magodoro na vyeti. Hakuna aliyerudi ndani kuchukua santuri, na walifanya sawa.

Tuje kwenye mashine, maana najua mafundi wananisikiliza na wanasubiri nikosee.

Sebule nyingi sasa zina sabufa. Siipigi vita; kwa muziki uliotengenezwa kwa ajili yake inafaa. Lakini rekodi nyingi za dansi za miaka ya 60 na 70 ni za mono, chombo na sauti vyote vimeingia njia moja, na utamu wake uko katikati: koo la mwimbaji, tarumbeta, gitaa la solo. Sabufa inasukuma chini na kuchoma juu, katikati pamebaki uwazi. Matokeo yake Marijani anasikika kama anaimbia ndani ya pipa. Ile spika ya zamani ya karatasi, ndani ya kasha la mbao, haina besi ya kutikisa dirisha, lakini sauti ya mtu inaitoa kama sauti ya mtu. Hiyo si hisia ya uzee, ni jinsi chombo kilivyoundwa. Kama huamini, cheza wimbo mmoja kwenye vyote viwili, halafu mwite mtu asiyeujua umwombe akwambie maneno.

Mashine iliyolala miaka ishirini usiichomeke ukutani ukangoja muujiza. Peleka kwa fundi redio. Mara nyingi kilichokufa ni mkanda wa raba ndani yake, umeyeyuka ukawa kama lami, na ni kitu cha bei ndogo. Wapo mafundi wanaofunga raba yoyote iliyo karibu. Mashine itazunguka, lakini kwa mwendo wake yenyewe, na Mbaraka ataimba kama mtoto au kama mgonjwa. Dai raba ya kipimo. Ile sauti ya kukwaruza unapozungusha kitufe cha sauti ni uchafu tu, unasafishwa. Kichwa cha kusomea kanda hufutwa kwa pamba na spiriti, taratibu, kila baada ya kanda kadhaa.

Na mnaonunua mitumba ya Kijapani mnisikilize. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya Japani hutumia volti 100. Kwetu ukutani kuna 230. Bila transfoma ya kushusha umeme itawaka mara moja tu katika maisha yake. Na redio yake ya FM hutengenezwa kuanzia 76 na nyingi huishia 90, kama zile redio za kwenye magari yaliyotumika, kwa hiyo vituo vyetu vingi hutavipata. Muuzaji hatakwambia.

Santuri yenye ukungu huoshwa kwa maji safi na tone la sabuni laini, kwa kitambaa cha pamba, ukifuata mistari inavyozunguka. Karatasi ya katikati usiilowanishe. Zipange zimesimama kama vitabu. Na kwa heshima zote, usicheze santuri ya plastiki kwenye gramafoni ya kuzungusha kwa mkono yenye sindano ya chuma, hata kama wageni wanataka kupiga picha. Sindano ile inachimba.

Kanda iliyokaa bila kuchezwa kwa miaka mingi ina tabia moja ninayoipenda ingawa ni kasoro. Utepe umejizungushia wenyewe, na sauti ya mzunguko mmoja huchapa kidogo kwenye mzunguko wa jirani. Kwa hiyo kabla wimbo haujaanza, ndani ya kile kimya, unausikia kwa mbali sana. Fundi mwenye kuipenda kazi yake atakwambia uipeleke mbele na kuirudisha nyuma mara moja kabla ya kucheza; inapunguza, na pia inalegeza utepe ulioganda.

Mtu ataniuliza: nyimbo hizi si zipo mtandaoni, za nini taabu yote hii? Baadhi zipo. Za Franco zipo, za Mbaraka zipo, Sina Makosa ya Les Wanyika ipo mpaka imechosha. Kwa hizo, sikiliza utakavyo. Tofauti ni utamu tu, na utamu haulazimishwi. Lakini mkusanyiko wa mtu mmoja, alivyoupanga, alivyoandika kwa kalamu jina lake na mji aliponunua kwenye jalada, hauko mtandaoni. Nimewahi kuona jalada la santuri lenye majina matatu ya wamiliki, kila mmoja akifuta la mwenzake. Ndiyo historia ya deni fulani mtaani, na hakuna kitabu kitakachoiandika.

Desemba inakaribia. Mnajua Desemba ya Kagera: mabasi yanajaa, meli inajaa, Wahaya wa Dar na wa ughaibuni wanarudi na magari yao na Kiingereza chao. Watu wa nyumba moja wanakutana ambao hawajakutana mwaka mzima. Wapo wanaokumbuka mashine inavyowashwa, na wapo wenye simu zinazoweza kunakili. Hayo makundi mawili yakikaa sebule moja kwa jioni moja, kazi imekwisha. Waanze na Twelve Songs of Christmas ya Jim Reeves ya mwaka 1963, au Boney M, au nyimbo za Krismasi za Philly Lutaaya za Kiganda, kupasha mashine joto. Wakae nayo upande mzima bila mtu kushika simu. Halafu waingie kwenye zile kanda zisizo na jalada.

Ombi langu ni hili. Kabla ya kuzicheza, vunja vile vijino viwili vidogo vya plastiki mgongoni mwa kila kaseti, ili hata mtoto akibonyeza kitufe chekundu kwa bahati mbaya isirekodi juu yake. Kanda isiyo na jina icheze pande zote mbili hadi mwisho, hata kama mwanzo ni kimya. Ukisikia sauti ya mzee wa ukoo au enanga, simamisha, nakili kwanza, ndipo uendelee kusikiliza. Andika ni nani anayesema, wapi, na mwaka unaoukisia, mkiwa bado na mtu wa kuwaambia. Nakala moja ibaki kwako, nyingine mpe ndugu anayeishi mkoa mwingine. Na kama raba ya mashine imekufa, mpelekee fundi wiki hii. Desemba atakuwa na foleni.